Gari Lililotumika Nalo Laweza Kuleta Furaha Nyumbani



Alizeti zimekwisha kukamuliwa, vitunguu vimekwisha kuuzwa, na kama ilivyo kila mwaka baada ya mavuno, mazungumzo ya gari yameanza tena majumbani. Akina mama kadhaa wameniuliza swali moja kwa maneno tofauti. Wao na waume zao wana akiba kidogo, nao wanataka kununua gari lililokwisha tumika. Baba anataka gari la kubeba magunia, au gari la kuonekana kwa watu. Mama naye anatamani gari dogo, zuri, jepesi kuendesha, ambalo watoto watalifurahia, lakini anaona haya kusema. Swali lao ni hili: je, yafaa mama kutaka gari la kumfurahisha, wakati fedha yenyewe ni ya kuhesabu?

Jibu langu ni kwamba yafaa, wala si jambo la aibu. Familia inayocheka safarini ni familia inayopenda kuwa pamoja. Lakini tusidanganyane. Siku ya kununua, kila gari hufurahisha, hata lililo bovu. Furaha ya kweli hupimwa mwezi wa sita baada ya hapo. Je, linawaka asubuhi? Je, mna fedha ya petroli? Je, mtoto akiugua usiku litamfikisha hospitali? Hilo ndilo neno langu kuu mwezi huu: gari la kufurahisha ni lile ambalo, mkishalinunua, bado mna uwezo wa kuliendesha.

NYUMBA MBILI

Nazijua nyumba mbili zilizonunua gari mwaka mmoja. Nyumba ya kwanza waliuza ng'ombe, na fedha ilipopungua wakaongeza mkopo wa wale watu tunaowaita "kausha damu". Wakanunua gari kubwa la silinda sita, lenye viti vya ngozi. Kwa wiki tatu watu wote waliwasifu. Kisha sanduku la gia likaharibika, na fedha ya fundi haikuwepo, kwa sababu kila shilingi ilikuwa imeingia katika kununua. Leo gari lile limesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wanatagia chini yake, na cherehani ya mama imechukuliwa na wenye mkopo. Mama yule hakuulizwa neno tangu mwanzo, lakini cherehani iliyochukuliwa ilikuwa yake.

Nyumba ya pili walinunua Toyota Passo ndogo, yenye mkwaruzo mrefu mlangoni. Watu walicheka kidogo. Wao walibakiza fedha, wakaweka matairi mapya na betri. Siku za Jumamosi mama hupeleka trei za mayai mjini Singida, na jioni moja moja huwachukua watoto kwenda kuangalia ndege kando ya Ziwa Singidani. Watoto wameipa gari yao jina, nao huiosha bila kutumwa.

Tofauti ya nyumba hizi mbili si bahati. Ni hesabu iliyofanywa kabla, na mama kushirikishwa.

LILILOTUMIKA SI LILILOCHOKA

Wako wanaodharau, wakisema mtumba ni mtumba tu. Hebu tukumbuke mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953, na ambayo kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na hapa kwetu, katika vumbi na matope tunayoyajua. Mwaka 1965 mshindi alikuwa Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant. Gari lao lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha tumika katika mashindano na watu wengine. Joginder, ambaye alijua kazi ya ufundi, alilichukua na kulitengeneza vizuri, akayaacha nyuma magari mapya. Alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Basi la maana si kwamba gari limetumika, bali limetumikaje, na nani amelitunza.

Magari mengi tunayonunua hapa yametoka Japani. Kule wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, kwa hiyo usukani uko mahali panapotufaa. Tena sheria yao hulitaka gari la kutembelea likaguliwe baada ya miaka 3 ya kwanza, na baadaye kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni wa gharama. Wengi huona heri wauze kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Ndiyo maana gari ambalo bado lina nguvu huuzwa huko kwa bei ndogo, likafika kwetu.

GAWENI FEDHA KABLA YA KUONA GARI

Usiende kuangalia magari kabla fedha haijagawanywa, kwa maana macho yakishapenda, mfuko hauna tena sauti. Kanuni ninayowaambia akina mama ni rahisi: katika kila kumi, saba za kununulia, tatu za kubakiza. Mkiwa na shilingi milioni 10, tafuteni gari la milioni 7. Milioni 3 zilizobaki ni za kubadilisha umiliki, bima, matairi, betri, oili, na matengenezo ya mwanzo ambayo hayakosi. Kinachobaki kiwekwe benki au katika kikundi, kiitwe fedha ya gari, kisiguswe kwa sherehe.

Kisha fikirini mafuta. Tuseme kwa mwezi mtatembea kilometa 600. Gari dogo linalokwenda kilometa 15 kwa lita litakunywa lita 40. Gari kubwa linalokwenda kilometa 8 kwa lita litakunywa lita 75. Tofauti ni lita 35. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, hiyo ni shilingi 105,000 kila mwezi, na kwa mwaka ni 1,260,000. Hiyo ni ada na sare, mama mwenzangu. Bei ya mafuta hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, basi fanyeni hesabu yenu kwa bei ya kwenu.

Jambo jingine la kukumbuka: ile ada ya leseni ya gari tuliyokuwa tukilipa kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, na badala yake ushuru ukaongezwa kwenye mafuta. Maana yake anayechoma mafuta mengi ndiye anayelipa zaidi. Hapo pia gari dogo linakutetea.

ANZENI NA NJIA YA KWENU

Gari zuri la Dar es Salaam laweza kuwa mzigo Mungaa. Kabla ya kuchagua, tembea kwa miguu kutoka nyumbani kwako hadi barabara kubwa, ukiwa na kijiti. Mahali ambapo magurudumu yamechimba njia na kuacha tuta katikati, simamisha kijiti ukipime kimo cha tuta. Fanya hivyo hivyo kwa jiwe kubwa kuliko yote yaliyo njiani. Kata kijiti kwa urefu huo.

Siku ya kuangalia gari, waombe watu wanne wakae ndani, kisha upitishe kijiti chako chini, pale ambapo gari limeinama zaidi. Kijiti kikigonga, jua kwamba tumbo la gari litagonga kila siku, na iko siku litatoboka sehemu ya oili. Gari likiwa tupu huonekana refu kuliko lilivyo, ndiyo maana nasema watu wakae.

Fikiria na mvua. Huku kwetu mvua huanza Novemba au Desemba, ikaendelea hadi Aprili. Kama njia yenu inapita mbugani kwenye udongo mweusi, gari dogo la chini halitapita miezi ile, hata likiwa zuri namna gani. Ama mkubali kuliacha kwa jirani aliye karibu na barabara, ama mtafute gari la juu kidogo.

MAGARI YANAYOSTAHILI KUTAZAMWA

Sitaandika bei, maana bei ya mwezi huu si ya mwezi ujao. Nitasema tabia tu.

Toyota Vitz na Toyota Passo ni ndugu wa karibu kwa matumizi. Zipo zenye injini isiyofika sisi 1,000, hunywa kidogo, na hugeuka mahali padogo, jambo linalomfaa mama anayeanza kuendesha. Spea zake ziko kila mji, na karibu kila fundi anazijua. Ubaya wake ni kwamba ziko chini, na zikijaa watu wanne na mizigo hupanda mlima kwa kulalamika.

Toyota Starlet, ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza mwaka 1999, ni ya zamani kuliko hizo, lakini wanaoijua wanaipenda kwa wepesi wake. Haina vifaa vingi vya umeme vya kuharibika. Ukiipata kwa mtu mmoja aliyeitunza, ni gari la kuchekesha moyo. Angalia kutu, na uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Mkanda huo kwa kawaida hubadilishwa baada ya kilometa 100,000 hivi, na ukikatika safari imekwisha.

Toyota IST ina injini ya sisi 1,300 au 1,500. Ni imara kidogo kuliko Vitz, na vijana wanaipenda, kwa hiyo nyingi zimekimbizwa sana na kubadilishwa rimu. Itafute ile iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani.

Suzuki Carry, yaani Kirikuu yetu, si gari la fahari, lakini usiicheke. Kwa mama anayefuga kuku au kuuza vitunguu, gari linaloleta fedha nyumbani nalo hufurahisha. Mbele hukaa watu wawili tu. Watoto wasipakiwe nyuma kama mzigo.

Wanaoishi penye njia mbaya watazame RAV4 ya zamani au Suzuki Escudo. Ziko juu, na mara nyingi huvuta kwa magurudumu yote manne. Lakini hunywa zaidi, na matairi yake ni ya bei. Kwa fedha ndogo, utakayoipata huenda imeteseka sana, basi iangalieni kwa makini mara mbili.

Wako pia wenye mapenzi ya Land Rover. Oktoba 2024 mamia ya magari hayo yalikusanyika Arusha, mengine ya zamani sana, na watu walifurika kuyatazama. Ni furaha ya kweli. Hata hivyo, Land Rover kuukuu humfaa mtu ambaye ama ni fundi ama ana fundi nyumbani. Kwa familia yenye fedha ya kuhesabu, itazameni barabarani na kuipungia mkono.

KUAGIZA AU KUNUNUA MKONONI?

Wengine huagiza Japani kwa wakala. Faida yake ni kwamba gari halijagongwa na mashimo yetu. Lakini bei unayoiona ni ya mwanzo tu. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25 na kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18. Kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: injini isiyozidi sisi 1,000 haitozwi, inayozidi hapo hadi 2,000 hutozwa asilimia 5, na zaidi ya hapo asilimia 10. Tena kuna ushuru wa uchakavu. Gari la kutembelea lenye miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Hapo hujalipa bandari, wakala, namba, na mafuta ya kulileta Singida. Viwango hivi huweza kubadilishwa na Bajeti ya kila Juni, basi kabla ya kutuma shilingi yoyote, mwombeni kijana wenu afungue kikokotoo cha kodi ya magari cha TRA katika intaneti. Jueni pia kwamba TRA hutumia thamani yake yenyewe ya gari, hata kama ninyi mmelipata kwa bei ndogo zaidi.

Wenye fedha kidogo mara nyingi hununua mkononi, kwa mtu au kwa dalali. Hapa msibabaishwe na herufi. Mtasikia "hii ni namba D", "hii ni namba E". Herufi hiyo huonyesha ni lini gari lilisajiliwa Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari lenye namba mpya laweza kuwa lilitengenezwa miaka 15 kabla ya kufika hapa. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya gari, someni hapo.

Wala msiamini sana kilometa zinazosomeka mbele ya dereva, kwa maana hurudishwa nyuma. Angalieni vitu visivyojua kusema uongo: pedali za breki na klachi zimelika kiasi gani, usukani umeng'aa vipi, kiti cha dereva kimebonyea namna gani. Gari linalosema kilometa 60,000 huku pedali zake zimelika hadi chuma, halijasema kweli.

KULIPIMA GARI KAMA TUNAVYOMPIMA MGONJWA

Mgonjwa hatuangalii nguo zake. Vivyo hivyo, rangi iliyong'arishwa isikupumbaze. Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji, umlipe mwenyewe ili awe mkweli kwako. Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Kama ni ya moto, wamelipasha ili kuficha ugumu wa kuwaka.

Liwashe na utazame moshi nyuma. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikishapata moto waweza kuonyesha maji yanaingia ndani ya injini, na hiyo ni kazi ya fedha nyingi. Moshi mweusi ni petroli kupita kiasi.

Fungua kifuniko cha oili. Ukiona utando kama maziwa ya rangi ya kahawa, maji na oili vimekutana, ondokeni. Kifuniko cha rejeta kifunguliwe injini ikiwa baridi tu. Mimi ni muuguzi, na majeraha ya mvuke wa rejeta usoni si jambo la kusimuliwa.

Kama ni gari la otomatiki, weka gia huku umekanyaga breki. Likikawia kabla ya kushika, au likishika kwa kishindo, sanduku la gia linaumwa. Fundi anuse oili ya gia, ikinuka kuungua msinunue.

Endesheni kwenye barabara mbaya, si kwenye lami peke yake. Zimeni redio. Sikilizeni milio ya chini mnapopita makorongo. Achia usukani kidogo mahali palipo salama, uone kama gari linavuta upande mmoja. Mkirudi, wekeni karatasi nyeupe chini ya injini kwa nusu saa, mwone kinachodondoka.

Matairi nayo yana umri, hata yakiwa na meno marefu. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya alama ndogo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukisoma 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopita miaka 10 lisibebe watoto wako.

Jambo la mwisho ni la kuchekesha. Redio ya gari la Japani mara nyingi haishiki stesheni zetu nyingi, kwa sababu FM ya kule kwa miaka mingi ilitumia masafa ya 76 hadi 90, na sisi tunatumia hadi 108. Redio si mbovu, ni mgeni tu, na fundi wa redio atakusaidia. Na yule dada wa Kijapani anayesema kila mkiwasha gari, watoto wakimwiga, mara nyingi anakumbusha tu kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Mwacheni aongee.

KARATASI KABLA YA FEDHA

Mdai kadi halisi ya gari, si nakala. Kama kadi "iko benki", basi gari hilo ni rehani ya mkopo, msilipe mpaka deni limalizike. Fundi alinganishe namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi. Jina la kwenye kadi liwe la huyo anayewauzia, au awe na hati ya kumruhusu kuuza. Ulizeni polisi wa usalama barabarani kama gari linadaiwa faini, kwa maana deni hufuata namba ya gari.

Andikeni mkataba mbele ya wakili, mlipe kwa benki ili ushahidi uwepo, na mwende TRA kubadilisha umiliki bila kukawia. Msipobadilisha, siku likipatikana na shida, mwenye gari machoni pa sheria ni mwingine. Na kwenye jina, mama, usinyamaze. Kama fedha ya kuku na ya kikundi chako imeingia humo, ni haki kuzungumza kadi iandikwe jina la nani. Kuzungumza mapema si kukosa heshima. Kulia baadaye ndiko kunakovunja nyumba.

WATOTO NDANI YA GARI

Kwa kazi yangu siwezi kumaliza bila neno hili. Gari dogo lina nafasi tano, maana yake watu watano. Hakikisheni mikanda yote inafunga, hata ya nyuma. Kama mkanda mmoja umekatwa, utengenezwe kabla ya kununua vifuniko vya viti.

Mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Gari likisimama ghafla, hakuna mikono ya mama yenye nguvu ya kumzuia. Wadogo wakae nyuma, na mkiweza kupata kiti cha mtoto ni bora zaidi. Mama mjamzito afunge mkanda, ule wa chini upite chini ya tumbo juu ya mifupa ya nyonga, na wa juu upite katikati ya matiti.

Tena ulizeni juu ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka wakati wa ajali. Kampuni ya Takata ya Japani ilitengeneza mifuko ambayo mingine, ikizeeka mahali penye joto na unyevu, hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Mamilioni ya magari duniani ya Toyota, Honda, Nissan na mengine yaliitwa yabadilishiwe, na kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Yako yaliyouzwa nje bila kubadilishiwa. Andikeni namba ya chasisi na kuuliza kwa wakala wa aina ya gari lenu. Kuuliza hakuna hasara.

SEMENI MEZANI

Kabla baba watoto hajaondoka na fedha, kaeni jioni moja, watoto wakiwa wamelala. Kila mmoja aandike kwenye karatasi mambo matatu anayoyataka kwa gari, pasipo kumwonyesha mwenzake. Kisha someni pamoja. Mama andika kweli. Ukitaka rangi nyekundu, andika. Ukitaka kujifunza kuendesha wewe mwenyewe, andika hilo kwanza, kwa sababu gari ambalo mtu mmoja tu nyumbani aliweza, siku akisafiri limekufa. Yako madarasa ya udereva ya VETA, na umri wa miaka arobaini si mwisho wa kujifunza.

Mambo yatakayofanana katika karatasi zote mbili, hayo ndiyo gari lenu. Yasiyofanana yazungumzeni bila ukali, mkikumbuka zile saba na zile tatu. Mkikosa gari linalofaa mwezi huu, subirini. Dalali atasema kuna mtu mwingine anakuja kulichukua jioni. Mwacheni alichukue. Haraka haraka haina baraka, na magari hayajaisha duniani.

Mkilipata, msiogope kulifurahia. Mpeni jina kama watoto wanataka, imbeni ndani yake, siku moja mwendeshe bila sababu yoyote isipokuwa kuona machweo nyuma ya mawe makubwa ya Singida. Fedha mliyobakiza ndiyo itakayowapa amani ya kufanya hivyo.

Mwezi ujao tutaongea juu ya sanduku dogo la huduma ya kwanza la kuweka ndani ya gari, na namna ya kulitumia. Kaeni salama.